Nilidhani nesi amemwekea mume wangu limbwata kwenye dawa za sonona

Admin, ficha jina langu, hata herufi ya kwanza usiiandike, Mwanza tunajuana. Nina miaka 34, naishi Buhongwa na mume wangu na mapacha wetu. Mimi nina kibanda cha vitenge Mabatini, yeye ni fundi wa injini za boti. Niseme mapema: nina wivu. Nilizaliwa nao na sijawahi kuuonea aibu.

Mwaka jana mume wangu alibadilika. Alikuwa analala mpaka jua linawaka, hali, haongei, injini za watu zimelala pale ufukweni. Nikajua ana mwanamke. Kumbe ni sonona. Daktari akamwanzishia vidonge, na nesi mmoja akaniita ili niwe msimamizi wake wa dawa, yaani mimi ndiye nivitunze na nimpe kimoja kila asubuhi.

Huyo nesi ni mzuri, siwafichi. Alituelekeza kwa muda mrefu, na mimi kazi yangu ikawa kuangalia anavyomtazama mume wangu. Nilisikia vipande tu: kwamba kwenye ubongo neva zinapelekeana ujumbe kwa kemikali, kwamba dawa inaizuia kemikali fulani isiondoke upesi kabla haijafanya kazi. Mengine yalinipita. Nilikuwa natafuta pete kidoleni kwake, na hakuwa nayo.

Baada ya miezi miwili mume wangu akapata nafuu. Anaamka, anaimba, anakwenda kazini. Lakini kitandani akawa kama kaka yangu. Nikimgusa anasema, "Mama Kulwa, nakupenda, ila mwili hautaki." Hata kunionea wivu akaacha! Nilimwambia kwamba jirani yangu wa kibandani ananisifia uzuri, akacheka tu, akasema, "Basi ana macho mazuri." Halafu siku ya kliniki anapiga pasi shati mwenyewe. Nesi kasema hivi, nesi kasema vile. Mwanamume kawa mpole ghafla, hana hamu na mkewe, na mwanamke mwingine haondoki mdomoni. Nani asiyejua hiyo ni nini? Nikasema hili ni limbwata. Wenzake huweka kwenye mboga, huyu kwa kuwa kasoma kaweka kwenye kidonge.

Nikaenda duka la dawa, nikatafuta vitamini vinavyofanana na vile vidonge kwa rangi na ukubwa. Vya kliniki nikavificha chini ya vitenge vyangu, vitamini nikavitia kwenye bahasha ya hospitali. Kila asubuhi nampa, na maji namshikia.

Siku za mwanzo nilishangilia. Hamu ilirudi. Siku moja akaniuliza nani kanipigia simu, akaninunia mpaka jioni, nami nikafurahi kama nimeolewa upya. Kisha kikaanza kizunguzungu. Akasema anasikia kama shoti ya umeme inapita kichwani akigeuza macho. Usingizi ukakata, machozi yakaanza, na sasa ni wiki ya tatu hajagusa spana. Juzi aliniambia, "Mke wangu, nyinyi mngekuwa na nafuu bila mimi." Niliogopa sana.

Tukarudi kliniki. Nesi akaniuliza, "Dada, dawa anakunywa kila siku?" Mume wangu akanitangulia kujibu, "Mke wangu hajakosa hata siku moja." Nami nikaitikia kwa kichwa. Nesi akaanza kutueleza upya, na safari hii nilisikiliza neno kwa neno. Kwamba kwa baadhi ya watu dawa hizi hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mkisema, daktari anaweza kuzibadilisha. Kwamba ubongo ukishazizoea haziachwi ghafla, hupunguzwa polepole, la sivyo mtu hupata kizunguzungu na hizo shoti, na ugonjwa unaweza kurudi. "Haya niliwaambia siku ile ya kwanza," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Daktari, akiamini mgonjwa anakunywa dawa, akasema basi dozi haimtoshi, akampandishia mara mbili. Wakati tunatoka nesi akanishika mkono: "Wake kama wewe ni wachache." Na hapohapo, Mungu anisamehe, nikaona alivyompigapiga mume wangu begani, roho ikaniuma tena.

Sasa dozi hiyo kubwa ninayo, na mwilini mwake hamna hata chembe ya ile ndogo. Kumpa naogopa, kusema naogopa. Nikisema ataniacha, na najua atakwenda kulia kwa nani. Leo asubuhi nimempa tena vitamini. Amemeza bila kuangalia, akaniambia, "Asante kwa kunivumilia."

Mficha uchi hazai, ndiyo maana nimeyaleta kwenu. Kunitukana mtanitukana, lakini kwanza nisaidieni na moja: ukweli huu nianze kumwambia nani, mume wangu, au yule nesi?