Kadi ya Mfuko wa Shati

Msaka vipaji wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani hapiti kwenye ubao wa majina ya wachezaji tunaowataka bila kunyoosha kadi iliyopinda. Akienda kumtazama mchezaji, saa ya kupimia mbio huiacha garini. Husubiri mazoezi yaishe aone nani anabaki kuokota mipira.

Siku ya uteuzi, timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, kila timu nyingine ilipotangaza jina, alishika mfuko wa shati. Kufika duru ya saba, ya mwisho, tulibakiwa na nafasi moja na dakika nne za kuchagua.

"Mzee, leo umekuja kula tu?" bosi akamuuliza.

Akatoa mfukoni kadi yenye doa la mchuzi: Tate Vondracek, mlinzi wa mstari wa mbele, kutoka chuo kidogo cha Nebraska ambako hakuna msaka vipaji mwingine aliyefika.

"Ningeibandika ubaoni, mngeropoka mpaka nchi nzima ijue."

Bosi akacheka. "Haya, mchukue."

Akaibandika ikapinda, na hakuinyoosha. Alipompigia kijana simu, nyumba nzima upande wa pili ililipuka kwa vigelegele. Alingoja watulie, macho yamemlowa.

"Hongera, mwanangu. Sasa mwambie mama bakuli alilonifungia mchuzi siku ile bado ninalo. Nalileta mwenyewe, na safari hii asipike kidogo."