Mkono Kwenye Kitasa

Acha nijicheke mwenyewe kabla hamjanianza. Jumapili ilikuwa zamu yangu kufundisha darasa la watu wazima kanisani kwetu mtaa wa Alief, huku ughaibuni, kuhusu Ukristo wa Ulaya ya kale. Nilikuwa na slaidi, tai mpya, na kiburi cha nesi aliyesoma historia kwenye simu.

Saa moja asubuhi nilimkuta mwanamume mwenye blanketi ameshika kitasa cha mlango wa kanisa. Nikaamua ni mlevi. Tulikuwa tunangoja wageni, kwa hivyo nikambandua vidole na kumfukuza, tena kwa Kiingereza.

Saa nne nilikuwa nawaka moto. "Zamani zile, mtoro akishika tu mlango wa kanisa, hata askari wa mfalme hawamgusi! Hiyo ndiyo nguvu ya imani!"

Watu wakaitikia amina.

Nyuma kabisa mkono ukainuka. Mama mchungaji alikuwa amempitisha yule mwanamume jikoni, akampa chai. Kumbe ni Mkongomani, ametolewa kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Sharpstown juzi.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "mimi asubuhi niliushika wa hapa. Nilikosea saa?"