Vidole Vinne vya Nyekundu Iliyofifia

Roselida amechoka tangu nimjue, na nimemjua tangu tulipopanga vyumba vya ukuta mmoja hapa Burumba, mtaa wa Busia upande wa Kenya. Akiamka amechoka, akienda kanisani amechoka. Kwao ni Namboboto, na kazi aliyotoka nayo huko ni kutengeneza mikeka ya mafunjo, ambayo ilishampinda mgongo. Tena ana ugonjwa aliourithi kwa mama yake: mkeka wenye kosa hautoki mikononi mwake. Hata mnunuzi akisema ameupenda hivyo hivyo, Roselida ataufumua palepale na kuanza upya, nawe simama usubiri. Kwao, kumpa mtu kazi yenye kosa ni kumtukana.

Septemba ya 1972, Wahindi walipofukuzwa Uganda, mama mmoja wa Tororo aitwaye Zarina alishuka kwenye lori hapa Busia, amekumbatia zulia. Msumari wa lori ulikuwa umelitoboa, shimo la kuingia ngumi. Watu wakamwelekeza kwa fundi wa mikeka.

"Mama, shona hii shimo tu," alisema. "Hii zulia ni ya Uturuki, imesukwa na nyanya ya nyanya yangu, mtu wa huko. Imepita miaka mia. Mimi naenda Kisumu kwa kaka yangu. Nikipata karatasi ya kusafiri, nitarudi kuchukua."

Roselida alilipindua, maana fundi huisoma kazi kwa nyuma, nikamwona ameduwaa. Lilikuwa mafundo matupu, madogo kama punje za wimbi. Kila fundo lilifungwa kwa mkono kuzunguka nyuzi mbili, ncha zikakatwa kwa kisu, na mafundo hayo ndiyo yaliyochora maua na upinde wa mlango katikati. "Huyu mwanamke alikuwa na macho," alisema. Kisha akaona kwamba pale katikati, upana wa vidole vinne, nyekundu ilikuwa imefifia kutoka ukingo hadi ukingo. "Lakini hapa alikosea rangi."

Shimo lilimchukua wiki mbili. Nilidhani sasa atapumzika. Wapi! Akaanza kuufumua ule mstari.

"Roselida, si uliambiwa shimo?" nilimfokea.

"Nitamrudishia mtu kitu kama hii, dada? Atasema niliona nikanyamaza."

Alifumua sweta yake nyekundu, sweta pekee aliyokuwa nayo, akapata uzi. Wiki sita alikaa mlangoni penye mwanga akifunga fundo baada ya fundo, vidole vimepasuka, macho yanamtiririka. Nilimhurumia na nilimkasirikia, yote mawili.

Zarina alirudi Novemba. Alilitafuta shimo asilione, akamkumbatia Roselida mara mbili. Kisha akalitandaza zulia kwenye benchi na kupitisha kiganja katikati. Kikaenda, kikarudi, kikaenda tena.

"Iko wapi ile rangi ya kufifia?"

"Nilitengeneza, mama," Roselida alijibu, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake umepumzika. "Ilikuwa imekosewa."

Zarina aliketi chini, kwenye vumbi.

"Huyo nyanya alikuwa anasuka hii, mtoto wake akakufa," alisema polepole. "Akaacha kusuka mwaka mzima. Kurudi, rangi ya kwanza imeisha, akachanganya ingine. Kwetu mtu akifiwa anaweka mkono hapo. Mimi niliweka mkono hapo siku naacha nyumba yangu Tororo."

Roselida alisimama akishika ukuta. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa kuwa huyu huweka kila kitu. Ndani mlikuwa na zile nyuzi zilizofifia, vipande vifupi kama nywele zilizonyolewa. Zarina aliupokea mkebe, akaufunika vizuri.

"Zulia kaa nayo, mama," alisema. "Sasa ni yako." Akaondoka na mkebe.

Huu ni mwaka wa saba. Zulia liko juu ya sanduku la Roselida, halijakanyagwa na mtu, na sweta nyingine hajanunua. Asubuhi za baridi mimi humtania kwamba alifumue basi, angalau apate uzi wake. Yeye huweka kiganja pale katikati, kwenye wekundu usio na kosa, akakiacha hapo.