Fyuzi Niliyoifunga Mwenyewe

Nafundisha fizikia katika shule moja ya wasichana huko Tudor, na nakiri kwamba sina subira. Msichana akinikariria kanuni asiyoielewa, namrudisha kwenye betri na vitaa vyake mpaka aone kwa macho yake. Somo la ukinzani naanzia mlangoni. Nalitoa darasa zima kwa mlango mmoja, wakisukumana. Kisha nafungua na wa pili, wanamiminika. Milango ikizidi, kizuizi hupungua na mkondo huongezeka. "Kila kifaa mnachochomeka nyumbani ni mlango mpya," nawaambia, "lakini wote hupitia ujia mmoja, ule waya uliomo ukutani."

Halafu nawaonyesha fyuzi, kijiwaya chembamba kinachokatika kusudi ili waya wa ukutani usipate moto. "Anayefunga waya mnene mahali pake," husema kwa ukali, "amemfukuza bawabu."

Basi ikaja wiki ya harusi ya binti wa dada yangu. Wanawake tulikusanyika alasiri kwa mamangu, katika nyumba yetu ya mawe Mji wa Kale, bibi harusi atiwe hina. Chumba cha mamangu tulimokaa kina kidirisha kimoja tu. Feni tatu, birika la stima, pasi na nyuzi za taa za mapambo, vyote vilining'inia kwenye soketi moja. Fyuzi ikakatika. Nikaifunga upya, ikakatika tena. Ilipokatika mara ya tatu, feni zilisimama, bibi harusi akatokwa na jasho, na maua ya hina yakaanza kutambaa mkononi mwake.

"Mwalimu mzima wa stima, na sisi twafa kwa joto!" shangazi yangu akasema. Wote wakacheka.

Kicheko kile kilinichoma. Ningeweza kusema, "Chomoeni pasi na birika." Ni maneno manne tu. Badala yake nilikwenda kwenye sanduku la fyuzi, nikachuna waya wa pasi nyingine mbovu, nikazisokota nyuzi zake za shaba na kuzifunga pale kwenye kishikio. Feni zikazunguka. Walinipigia vigelegele, na nilivipenda.

Mamangu hakupiga. Macho yake yameingia ukungu, na ndani ya nyumba hutembea kwa kupapasa kuta. Kitanda chake kimeegemea ukuta ule ule wa soketi, naye alikuwa amejinyoosha baada ya kuswali.

"Mwanangu, ukuta huu una moto."

"Ni joto la watu, mamangu."

"Watu hawamo ndani ya ukuta. Ndoo hapa uushike."

Nilikwenda kwa kumridhisha tu. Akanishika mkono, akaubandika kwenye chokaa, juu kidogo ya mto wake. Ukuta ulikuwa na moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nilikimbia nikazima swichi kubwa ya nyumba nzima. Nilipochomoa plagi ilikuwa imeshaanza kuyeyuka, nyeusi upande mmoja.

Niliwaambia palepale, mbele ya shangazi na wageni wote, kwamba fyuzi nimeifunga mimi, na kwa waya nisioruhusu mwanafunzi wangu kuugusa. Hakuna aliyecheka. Hina ilimaliziwa tukipepea kwa vipepeo vya ukili, na bibi harusi alipendeza vilevile.

Jumatatu nilifundisha fyuzi. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwani yuko mtu anayejua haya na bado akafunga waya mnene?"

"Yuko," nikasema. "Ni mimi." Nikawasimulia yote, pamoja na vigelegele.

Fundi ameshabadilisha nyaya zote, na mamangu hajanilaumu hata mara moja. Lakini zamani alikuwa akifika kitandani anajilaza moja kwa moja. Siku hizi huubandika mkono ukutani kwanza, akausikiliza, ndipo akasema bismillahi na kulala.