Nilimficha shemeji yangu, pro wa basketball kutoka Australia, kwenye mechi ya mtaa. Mzee wangu akaniumbua

Wakuu, niaje.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu. Leo nimeamua kutoa yangu. Yote ni kweli isipokuwa majina, na majina nimebadilisha kwa sababu Mzee wangu siku hizi ana smartphone.

Mimi ni fundi wa stima. Nilizaliwa mtaa wa Kaloleni na bado niko Kaloleni. Dadangu Nekesa ni nurse, alienda Australia kusoma akabakia huko huko. Siku moja akapiga simu, amepata mtu, wanakuja nyumbani aonekane na wazazi.

Jamaa anaitwa Lachlan. Mama alijaribu hilo jina mara tatu akachoka. Tukamwita Laki.

Laki aliingia kwetu ameinama. Hizi nyumba za Kaloleni mnazijua, aliyezijenga hakuwaza mtu wa urefu ule. Alipoketi kwa kochi magoti yalimfika karibu na kidevu.

Sasa Mzee wangu alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa, hili liende laini hii, lile laini ile. Hana muda wa stori. Swali lake la kwanza kwa mgeni:

"Unafanya kazi gani?"

"Nacheza basketball, sir."

"Hiyo ni jioni. Mchana unafanya nini?"

"Mchana pia nacheza, sir."

Mama akaongeza chai kwa kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Baadaye Mzee akaniita nje. "Wafula, nimesomesha msichana unesi, ananiletea mtu anayerukaruka. Huyo akizeeka ataruka wapi? Mimi sibariki hii kitu."

Nekesa alikuwa dirishani. Alisikia yote. Nilimkuta jikoni anamenya viazi ambavyo hakuna mtu alikuwa ameagiza, machozi yanamtoka.

Kesho yake nikampeleka Laki soko la Burma tukale nyama, angalau apate hewa. Hapo ndipo aliponipa stori ya maisha yake, na wakuu, haikuwa vile nilidhani.

Mimi nilidhani pro ni magari na kusaini autograph. Kumbe huyu jamaa ametoka mji mdogo wa wakulima wa ngano. Akiwa na miaka kumi na sita alitemwa na timu ya vijana ya jimbo lao. Akaenda kuendesha trekta ya babake. Klabu yake ya kwanza ilimchukua awe mtu wa mazoezi tu, yaani kazi yake ilikuwa kupigwa vikumbo na mastaa kuanzia Jumatatu, halafu siku ya mechi anakaa benchi akiwa msafi kama bwana harusi.

Mkataba wa msimu mmoja mmoja. Klabu nne. Klabu ya tatu alijua ameachwa alipokuta jina la mtu mwingine kwa locker yake.

Nikamuuliza, "Kwani hufungi?"

Akacheka. "Sifungi. Mimi naweka screen."

Kwa wale hawajui, screen ni kusimama kama nguzo. Mwenzako anapita karibu na wewe na mpira, yule anayemfukuza anakugonga wewe, mwenzako anabaki huru kufunga. Yeye anapigiwa makofi. Wewe unabaki na kifua kinauma. Jamaa amekula mkate wa kifua chake miaka yote hiyo.

Alinieleza haya akiguguna mbavu, pilipili imemtoa machozi, na anaitisha ingine.

Mtu mzuri angerudi nyumbani amweleze Mzee hiyo stori. Mimi niliona nguzo ya bure.

Kwa sababu Jumapili hiyo tulikuwa na mechi na vijana wa mtaa wa Buru. Buru wametupiga tangu nikiwa na nywele. Na sheria ya hiyo mechi ni moja: aliyeshindwa anafua jezi za aliyeshinda, hapo hapo kwa mfereji wa uwanjani, watu wakiangalia. Tumefua hizo jezi mpaka tunajua nani wao hutoka jasho zaidi.

Kwa hivyo nikajipanga.

Buru niliwaambia huyu mzungu ni fundi wa mabomba, amekuja na mradi wa maji wa kanisa, anacheza kujifurahisha. Na msimwongeleshe, ana shida ya koo, daktari amekataza.

Laki nikamwambia Buru wanajua yeye ni pro na wamekubali. Halafu nikaongeza kwamba huku kwetu kusalimia wapinzani kabla ya mechi ni kukosa adabu. Akakubali. Wakuu, huyo mtu anaamini kila kitu. Niliona aibu kidogo, ikapita.

Nekesa naye akamleta Mzee moja kwa moja kutoka kanisani, na suti yake. Akawekewa kiti cha plastiki kando ya laini.

Refa alikuwa Mwalimu Wanjiku, aliyenifundisha PE shule ya msingi na hajawahi kuniamini tangu wakati huo.

Mechi ikaanza. Watu walimwona Laki wakangoja dunk, ile ya kuruka na kuning'inia kwa ring. Hakuna dunk. Jamaa anasimama tu. Kaptaini wa Buru, mwili mkubwa tunamwita Kifaru, akawa anamfukuza Mosh, kijana wetu mfupi mwenye shuti. Mosh akapita kando ya Laki. Kifaru akagonga kile kifua, akaketi chini taratibu kama mtu amekumbuka kitu.

Mosh akafunga.

Tukarudia. Akaketi tena.

Kufika half time tulikuwa mbele, na wachezaji wangu walikuwa wanaangalia ubao wa alama kama watu wamepotea njia.

Sasa angalia Mzee. Mwanzoni alikuwa anapiga miayo. Baadaye nikamsikia anamuuliza Nekesa, "Mbona huyu wenu hafungi hata moja?"

"Si kazi yake, Baba. Yeye anafungua njia mwingine apite."

Mzee akavuta kiti mbele. Quarter ya tatu alikuwa anaonyesha na kidole kabla Laki hajasogea. "Sasa ataenda pale. Umeona? Pale! Kijana mfupi, pita!" Mzee hajawahi kuangalia basketball maishani, na alikuwa anasoma huo mchezo kuliko mimi.

Nilifurahi sana. Nikasema leo Nekesa ameolewa na leo sifui.

Mwanzo wa quarter ya mwisho, Laki akaweka screen moja safi, watu wawili wa Buru wakagongana naye kwa mpigo. Mzee akashindwa kujizuia. Akasimama, akageukia mashabiki wa Buru, na ile sauti ya kushindana na injini:

"Mnamwona huyo? Huyo ni mkwe wangu! Klabu inamlipa huko Australia! Kazi yake ni hiyo, mchana na jioni! Professional!"

Mpira ukasimama.

Kifaru akaniangalia. "Wafula. Si ulisema ni fundi wa mabomba?"

Laki akageuka. "Mabomba gani?"

Sauti safi kabisa. Mtu wa Buru akasema, "Na koo limepona, Bwana asifiwe." Watu wakaangua kicheko, mimi natafuta shimo.

Mwalimu Wanjiku akapuliza firimbi. Hakuniuliza chochote. Akamwambia Kifaru atoe jezi moja ya ziada. "Alama zitabaki vile ziko. Huyu mgeni atamalizia upande wa Buru."

Laki alikuja mbele yangu. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali hasira. "Uliniambia wanajua."

Akavaa jezi ya Buru, imemfika kitovuni, akavuka upande.

Moyoni nikajiambia ni shemeji, atalegeza. Mpira wa kwanza nikamfukuza Kifaru. Nakumbuka kifua. Baada ya hapo nakumbuka mawingu. Laki akaninyanyua, akasema kwa Kiswahili alichofunzwa na dadangu, "Pole, shemeji." Kisha akaenda kusimama mahali pengine kuningojea tena.

Tulipigwa. Hata haikuwa karibu.

Nikiwa kwa mfereji na povu mpaka kwa viwiko, Mzee akaja akasimama juu yangu, mikono nyuma.

"Umeona yule kijana? Amehamishwa shifti katikati ya kazi, na amefanya shifti. Huyo ni mfanyakazi. Wewe ndio bado sijui ni nini."

Akaenda. Jioni hiyo kabla ya chakula akamwambia Nekesa wapange siku ya wazee kukutana. Mama akapiga vigelegele majirani wakatoka nje.

Lakini mimi bado nilikuwa na mzigo. Nilimkuta Laki ameketi kwa ngazi ya mlango, barafu kwa bega. Nikaomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeachwa na klabu tatu," akasema. "Wamesema niko slow, sifungi, naumia sana. Hakuna hata moja iliyowahi kusema nimedanganya uwanjani. Leo ungefanya nianze kudanganya."

Wakuu, hiyo iliniuma kuliko screen zote. Kesho yake nilipanda mpaka Buru, nikamwomba Kifaru msamaha mbele ya timu yake yote. Walinicheka, lakini walinipa soda.

Walioana. Msimu uliopita klabu haikumwongezea mkataba, bega limekataa. Mtu wa kwanza kupigiwa simu baada ya Nekesa alikuwa Mzee. Nilikuwa hapo. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa, halafu akamwambia, "Mimi nilipostaafu nililala mpaka saa nne siku tatu mfululizo, nikaanza kuumwa na kila kitu. Wewe kesho amka saa zile zile za kazi. Oga, vaa. Kazi itakukuta umevaa."

Sasa anafundisha watoto basketball kwa shule fulani huko. Nekesa anasema siku ya kwanza bila mkataba aliamka alfajiri, akavaa viatu, akaketi kwa meza ya jikoni akingoja.

Funzo langu ni moja. Ukiwa na mtu aliyechukua miaka kujenga jina safi, usilikope kwa mambo yako ya Jumapili moja bila kumwuliza. Na ukishaamua kudanganya, usimwalike mzazi wako.

Ni hayo tu. Wale mmewahi kuumbuliwa na mzazi mbele ya watu, tupeni stori hapa chini nisijione peke yangu. Na nyinyi wa Buru mliokuwa pale, najua mko humu. Komentini, lakini kwa upole.