Kilima Chetu Kilipokuwa Cheupe

Jumanne asubuhi nilikuwa sokoni, nimeinama nachagua samaki wa ziwani kutoka Tchomia, mama anayeuza chumvi akaniita kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Mama! Ile muzee ya karte, ule wa ramani, wa kupaka dunia rangi, amekufa." Nilimjibu kama ninavyomjibu kila mtu anayeniletea habari: "Nani ameona maiti?" Akacheka na chumvi mkononi. "Weye! Hata mutu akufe mbele yako, utamutia kidole mu macho kwanza." Ni kweli. Niliacha samaki wangu pale, nikaenda mwenyewe hadi kwake, mtaa wa Mudzipela. Nikaona turubai limefungwa, benchi za kanisa zimepangwa, na wanawake wanachambua mchele. Basi, amekufa. Walisema ni kifua. Ninyi mnaonisoma katika gazeti hili la parokia mnajua kwamba siandiki sifa za marehemu. Kila anayekufa hapa Bunia husomewa kuwa mtakatifu, hata najiuliza wabaya tunawazika wapi. Huyu sitamsifu. Nitasema jinsi nilivyomshuku, na kilichonipata kwa kumshuku.

Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini kupika hakutaki diploma. Miaka ya sabini ikielekea kwisha nilianza kupeleka chakula cha saa sita katika biro ya proje moja ya maji: fufu, sombe ya majani ya muhogo, maharagi, na siku nzuri kipande cha samaki. Proje hiyo ilikuwa inajenga chemchemi, yaani inaziba kwa saruji mahali maji yanapotoka ardhini na kutia bomba, ili watu wasinywe pamoja na ng'ombe. Yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa ramani zao. Alikaa mbele ya meza iliyoinama, mbele yake karatasi inayopitisha mwanga kama utumbo wa mbuzi uliooshwa, na kalamu za wino nyembamba kuliko sindano. Nchi ni ile ile, mito ni ile ile, lakini aliichora mara tatu: moja kwa mvua, moja kwa ng'ombe, moja kwa watu. Mimi nilijua dunia ni moja. Mtu mwenye dunia tatu mezani, nikasema moyoni, ya nne ameificha kabatini.

Alinawa mikono kabla ya kula kama kila mtu, halafu akanawa tena baada ya kula, kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko, kabla ya kugusa karatasi. Sahani zangu hakuzitaka karibu na meza yake. Siku moja nilizileta karibu kwa ubishi tu, na tone la mawese likaanguka juu ya ramani. Hakunifokea. Kesho yake mzungu mkubwa wao akapita, akaweka kidole pale pale. "Hii rangi ya machungwa ni ya nini? Siioni katika maelezo." Muzee akamjibu bila kucheka: "Ni mawese ya mama." Biro nzima ilipasuka kwa kicheko, mimi nikatamani kuingia ndani ya sufuria. Halafu akaitupa kazi ya wiki tatu na kuanza upya. Nikamwambia, "Baba, si ungekwangua na wembe?" Akasema, "Nikikwangua, pale patabaki nyeupe. Mutu atafikiri pale hakuna kitu." Neno hilo lilipita sikioni mwangu kama nzi. Sikulishika.

Miaka ikaenda. Proje ikaleta masini yenye uso wa kioo, wao wanaiita ordinatere, pamoja na jenereta ya kuilisha, na masini ya pili inayoshika kalamu. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Mkono bila mtu! Unachukua kalamu nyekundu, unapaka, unairudisha mahali pake, unachukua ya manjano. Niliweka beseni la fufu chini, nikafanya ishara ya msalaba. Muzee alikuwa ameacha wino. Siku nzima anagonga hesabu alizoletewa kwenye makaratasi, kijiji baada ya kijiji, na masini inazigawa katika mafungu na kulitia kila fungu rangi yake. "Nyekundu ni watu wengi," akanieleza. "Manjano ni wachache. Nyeupe ni karibu hakuna mutu. Proje itaanza kujenga kwenye nyekundu." Nikamuuliza kilima chetu kiko wapi, kile cha upande wa Djugu alikozaliwa bwana wangu, ninakopanda kila Jumamosi. Akatafuta, akaonyesha. Cheupe. Cheupe kama shuka la hospitali.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, na niseme jambo ambalo hapa mjini padri peke yake alikuwa analijua. Miezi michache kabla ya siku hiyo, vijana wenye makaratasi walipanda kilimani kuhesabu watu. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyewaona kutoka mbali, mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba nikisema, "Wanakuya! Mufiche watoto!" Siye tunajua kuhesabiwa. Wakikuhesabu leo, kesho ni kodi, keshokutwa ni salongo, kazi ya bure ya barabara. Na tena, mtoto kwetu hahesabiwi. Ukimwonyesha kidole, mmoja, wawili, watatu, kuna kitu kinasikiliza na chenyewe kinaanza kuhesabu. Watoto wakaingia katika mahindi, vijana wakashuka mtoni. Yule mwenye kalamu akaniuliza, "Mama, hapa muko wangapi?" Nikamjibu, "Hapa? Hapa ni siye wawili tu, mi na muzee wangu." Nyuma yangu sufuria ya kulisha kumi na mmoja inachemka! Akaangalia sufuria, akaniangalia, akaandika mbili. Kilima chote kikasema hivyo hivyo, na jioni yake tulicheka hadi machozi. Nilijiona mwerevu kama sungura.

Sasa niko mbele ya masini, na ujanja wangu umekaushwa pale kwa rangi. Maji yetu ya kilimani ni bonde ambamo ng'ombe wanaingia kwanza. Kila mvua zikianza, tumbo la kuhara linapita nyumba kwa nyumba, na wajukuu wangu wanalegea kama majani ya muhogo yaliyomwagiwa maji ya moto. "Paka nyekundu," nikamwambia. "Si miye napaka, mama. Masini inapaka ile watu walisema." "Basi masini yako iko na uongo!" Akavua miwani. "Uongo ni ya nani, mama?" Nikafunua sufuria. Nikamwambia tu kwamba fufu inapoa.

Lakini mtu anayeshuku halali. Nilifikiri: huyu anataka kitu. Kesho nikaja na jogoo, amefungwa miguu, nikamweka chini ya meza yake. Aliinama kumtazama. "Mama, ule iko najua kuhesabu watu?" "Hapana." "Basi rudisha yeye nyumbani." Halafu akafanya jambo lililoniongezea mashaka kuliko yote. Akanivuta mbele ya kile kioo, akagonga hapa, akagonga pale, akashusha mpaka wa fungu la wekundu, ili hata watu wachache watoshe. Yale manjano yote yakawa mekundu! Nusu ya nchi ikawaka kama pori la kiangazi. "Unaona? Ni nani amezaliwa?" Nikasema, "Hakuna mutu amezaliwa." "Ni kidole yangu tu." Basi, nikaruka. "Si nilijua! Acha vile vile, ushushe tena kidogo na kwetu pashike!" Akakirudisha kidole, na ule moto ukazimika. "Nikiacha vile, kila kilima ni nyekundu, na maji haitajua njia ya kwenda. Mama, lete hesabu ya kweli. Nitaiandika." Nikamwambia kwetu watoto hawahesabiwi. Akafikiri, akatazama sahani yake. "Maharagi munahesabu?" "Maharagi ndiyo." "Basi kila mutu anayelala mu nyumba, haragi moja mu kibuyu. Weye hesabu maharagi. Usihesabu mutu."

Jumamosi nikapanda na kibuyu. Mnadhani nilipokelewa kwa vigelegele? Mulamu wangu, mke wa ndugu ya bwana wangu, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Ee, mama ya proje! Walikulipa na nini?" Nikasema ni kwa ajili ya maji. "Juzi ulitufundisha uongo, leo unatufundisha ukweli. Kesho utatufundisha nini, kuruka?" Wote wakacheka, na mimi, mama mzima, mwenye wajukuu wa kujaza benchi mbili za kanisa, nikasimama pale na kibuyu changu kama mwombaji. Nikawaambia: mficha uchi hazai. Tulificha, na sasa tuko weupe, na weupe hawanywi. Nikatia maharagi yangu kumi na moja mbele ya macho yao, nikihesabu kwa sauti. La mwisho nililishika kwanza kiganjani, maana lilikuwa la kitinda mimba wa binti yangu, aliyekuwa bado mgongoni. Ndipo mulamu akaingia ndani, akatoka na mkono umefungwa. Akatia. Wakafuata wengine.

Jumatatu niliibeba heshima yangu kichwani hadi biro. Muzee akamwaga maharagi juu ya gazeti, akahesabu mara mbili, akauliza nyumba ni ngapi. Nikamwambia. Akanitazama juu ya miwani. "Mama, watu wa kilima yenu wanalalaka wamesimama?" Watu wangu! Waliposikia kwamba wekundu ndio wenye maji, kila mmoja alitia konzi. Nilitaka kulia kwa hasira. Yeye hakukasirika, alichukua kofia tu. Jumapili iliyofuata, kabla ya jua kuchomoza, alitembea hadi kilimani kwa miguu, na wakati wanawake wanapotoa mikeka ya kulalia kuianika, akapita polepole akisalimia, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Hakuuliza mtu swali. Alihesabu mikeka. Mulamu wangu akamwona akitazama wa kwake, ulio na alama za mikojo ya watoto kutoka pembe hii hadi pembe ile, akapiga kelele: "Baba, unaangalia nini?" Akajibu, "Naangalia watu ambao hawako."

Hakutupatia nyekundu. Alitupatia manjano, na manjano ni kungoja. Tulingoja mvua mbili. Katika mvua ya pili, yule kitinda mimba wa binti yangu, haragi langu la kumi na moja, alishikwa na tumbo siku tatu, na ya nne tukamzika nyuma ya ndizi. Majirani walinong'ona kwamba ni kwa sababu nilimhesabu. Na mimi, niseme kweli, usiku na mchana niliamini hivyo, na nilimchukia yule mtu na maharagi yake. Niliacha kumpelekea chakula mwezi mzima. Kisha kiangazi cha pili saruji ikapanda kilima, wanaume wakabeba mawe, na bomba mbili zikatoa maji ambayo ng'ombe hawajawahi kuyaona. Niliposimama pale na ndoo yangu, nikahesabu nyuma: tungesema kweli siku ile ya kwanza, tungekuwa manjano tangu mwanzo, na saruji ingefika mvua moja kabla. Mvua moja tu. Si haragi lililomuua yule mtoto. Ni ile "wawili tu" yangu.

Sasa wananiambia bironi wako vijana wapya, na masini mpya, na rangi nyingi kuliko kitenge. Nilipeleka chakula pale mwezi uliopita, nikaona ramani zimejaa ukuta, nzuri, huwezi kubandua macho. Kisha nikatazama chini ya meza. Viatu safi, vyote! Mtu wa ramani mwenye viatu safi mimi ninamwogopa kuliko mwizi, kwa sababu mwizi anajua kwamba anadanganya. Masini inaamini kila unachoilisha, kama mtoto mchanga. Marehemu aliijua kasoro hiyo. Alitushuku sisi zaidi ya sisi tulivyomshuku yeye, na shaka yake ilimtembeza kwa miguu hadi kilimani, wakati yangu ilinificha nyuma ya sufuria. Niliwahi kumuuliza kama fufu yangu ilisaidia kidogo kututia manjano. Alimeza kwanza, akasema, "Fufu yako ni nzuri, mama. Lakini haiko na rangi."

Pale Mudzipela, jioni ya matanga, binti mmoja wa jikoni alipita na kikaratasi na kalamu. Alikuwa anauliza kila ukoo ili ajue mchele wa kupika. "Mama, nyinyi muko wangapi?" Nilitazama nyuma. Walikuwa wameshuka wote kutoka kilimani: mabinti, wajukuu, mulamu wangu na kelele zake. Ulimi ulitaka kusema "wachache tu", mnajua ulimi wa mtu mzima una njia zake. Nikaushika. Nikawaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, mbele ya kila mtu, nikafika kumi na nne. Kisha nikamwambia aandike vizuri, maana yule tuliyekuja kumzika angekuja kuhesabu mikeka.