Saa ya Refa Ambindwile

Alhamisi, siku mbili kabla ya fainali, Ambindwile alivaa koti la suti juu ya sweta akamwambia mkewe kwamba anakwenda Tukuyu kununua saa.

"Saa," alisema Elina. Alikuwa akimenya viazi kando ya moto, na hakuacha kumenya.

"Saa ya maana."

"Baba Tulia, simu yako ina saa. Ukutani kuna saa. Na jogoo yupo."

"Refa hachezeshi mpira kwa jogoo."

Elina alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeamka mapema kuliko wote. "Haya, nenda. Viazi ni vyako na mgongo uliovibeba ni wako. Ila usituletee kitu cha kuchekwa. Kuchekwa tumeshiba."

Ambindwile alijua mkewe anasema nini. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameichezesha mipira ya Rungwe, kuanzia viwanja vya shule vyenye mteremko hadi uwanja wa mjini. Alikuwa ameamua ugomvi, amepigwa mawe mara mbili, amebebwa juu juu mara moja. Watu walikuwa wamesahau yote hayo. Walichokumbuka ni dakika mbili.

Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, fainali ya Masukulu na Suma. Mvua ilianza kipindi cha kwanza na haikukatika. Suma walikuwa wakiongoza bao moja. Kijana mmoja wa Masukulu, mwembamba, mwenye mguu wa kushoto ambao watu walikuwa wakiusimulia hadi Mbeya, aliupata mpira nje kidogo ya kumi na nane, akapiga. Filimbi ya mwisho ililia mpira ukiwa hewani. Ulipotua wavuni, mchezo ulikuwa umekwisha. Watu wakatoa simu mifukoni, wakatazama: dakika ya themanini na nane. Ambindwile alikuwa amesimama katikati ya matope, maji yakimtiririka puani. Aliinua mkono wake wa kushoto juu, akawaonyesha.

"Saa imeingia maji," alisema.

Wakaamini. Huku kwetu ukisema saa imeingia maji, hakuna anayeuliza mara ya pili. Kila nyumba ina saa iliyokufa hivyo, kioo kimefanya ukungu kama dirisha la asubuhi. Waamuzi wote wa Rungwe huvisha saa zao vifuko vya plastiki vya barafu siku za mvua, na maji hupenya vilevile. Hawakumpiga, ila matokeo hayakubadilishwa, na yeye akapewa jina. Dakika Mbili. Mwenye bucha akimkatia nyama humwambia, "Subiri dakika mbili, refa, au unataka nikupe sasa hivi haijatosha?" Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule walimwita hivyo wakidhani ni jina la ukoo.

Sasa fainali ilikuwa Masukulu na Suma tena, na kamati ilikuwa imempa yeye, kwa heshima, iwe mechi yake ya mwisho. Magoti yalikuwa yamekwisha. Alitaka kutoka uwanjani na kitu mkononi ambacho hakuna mtu angekicheka. Kwa ajili hiyo alikuwa ameweka pembeni viazi vya misimu mitatu, gunia moja moja, na parachichi za juzi.

Njia panda ya Isongole, kijijini kwao, Anyitike alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi.

"Panda, refa. Twende kabla hujapuliza."

Ambindwile alipanda polepole, goti baya kwanza. Anyitike alingoja bila kuzungusha mafuta, kama anavyongoja siku zote. Ndiye aliyekuwa yule kijana wa mguu wa kushoto. Siku ile ya mvua kulikuwa na mtu wa timu moja ya Mbeya jukwaani, amekuja kumtazama. Aliondoka na mvua ileile, na hakurudi. Anyitike alikuja kuoa Isongole, akanunua pikipiki, akapata watoto watatu. Alimtania refa kila wanapokutana, na hakuwahi kumtania kwa ubaya. Hilo ndilo lililomchosha Ambindwile kuliko mawe.

Waliteremka kwenye ukungu, viazi vikabaki nyuma, migomba ikaanza, kisha chai.

Duka la fundi Hafidhi lilikuwa chumba chembamba karibu na soko, chenye kabati la kioo na saa za ukutani kumi na mbili ambazo hazikukubaliana. Babu yake alikuja kutoka Bagamoyo na sanduku la bisibisi ndogo, na sanduku lenyewe lilikuwa bado pale. Anyitike alibaki nje kufuta matope kwenye pikipiki.

"Refa! Habari za baridi?"

"Tunaishi nayo, fundi."

"Jumamosi nasikia ni wewe."

"Ni mimi. Nataka saa. Si ya kujaribu. Ya kuzeeka nayo."

Hafidhi alimtazama, akavua lenzi jichoni, akafungua droo ya chini. Alitoa saa mbili, kila moja ndani ya kisanduku chake, akazilaza juu ya kitambaa.

Ya kwanza Ambindwile aliijua kabla haijafika mezani. Jina lake limechapwa hata kwenye fulana za mtumba. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyehama, ameiacha iuzwe. Ya pili ilikuwa na uso mweupe, tarakimu nyembamba za bluu, mkanda wa ngozi ya kahawia, na jina ambalo aliligeuza mdomoni mara tatu bila kulimudu.

"Ha-li-vo-re-ni?"

"Hata mimi sina uhakika," alisema Hafidhi. "Binamu yangu aliileta kutoka Muskati. Wanaoitengeneza ni watu kama ishirini tu, kijiji cha milimani huko Ulaya. Nasikia kuna baridi kama Isongole."

"Bei?"

"Zote mbili sawa. Ng'ombe wawili wa maziwa. Ambao hawajachoka."

Ambindwile aliichukua ya jina kubwa. Ilikuwa nzito, na ilimeta hata kwenye mwanga ule mbovu. Akajiona Jumamosi ameinua mkono, na jukwaa zima limenyamaza.

"Hii haiingii maji?"

"Haiingii."

"Hukimbia au huchelewa?"

"Hiyo? Kwenye karatasi yake wameandika jina tu, kwa herufi kubwa."

"Na hiyo nyingine?"

Hafidhi alikunjua karatasi ndogo ya kisanduku cha pili. "Hii wamesema wenyewe. Huchelewa sekunde nne kwa siku. Haina betri, hujijaza kwa mkono wa mtu anavyotembea. Ukilala siku mbili, nayo inalala."

"Sasa mtu anunue saa ya ng'ombe wawili, na inachelewa?"

"Ya betri pale mlangoni haichelewi, na ni bei ya kuku." Hafidhi alichukua ile ya jina kubwa kutoka mkononi mwake taratibu, akairudisha kwenye kitambaa. "Refa, nina neno. Ukikasirika, utakuwa umekasirika."

"Sema."

"Ile saa yako ya mwaka ule uliniletea. Wiki moja baada ya mechi, mchana, soko limejaa, ili watu waone umeleta saa iliyoingia maji. Unakumbuka?"

Ambindwile alizitazama saa za ukutani.

"Niliifungua. Ilikuwa kavu kama unga. Niliiacha hapa siku tatu nikailinganisha na ya redio. Haikupoteza hata sekunde. Nikaifunga, nikakwambia imepona." Alivaa tena lenzi, kisha akaivua, kama hajui macho ayaweke wapi. "Sikusema, kwa sababu hukuuliza. Leo nasema kwa sababu unataka kulipa ng'ombe wawili kutafuta kitu ambacho hukukipoteza."

Nje, Anyitike alikuwa akipiga mluzi. Ambindwile aliketi kwenye kigoda cha wateja. Hakukasirika. Alihisi tu uzito wa mwili wake wote, kama gunia linalopokewa na mtu mwingine.

"Nilikuwa nimechoka, fundi," alisema hatimaye. "Niliamka saa tisa usiku, ng'ombe anazaa vibaya. Nikatembea hadi barabarani. Mvua ile, dakika themanini na nane, miguu siihisi. Niliitazama saa nikaona dakika mbili zimebaki. Nikasema moyoni, dakika mbili ni nini? Nikapuliza."

Hafidhi aliisogeza ile saa nyeupe mbele yake.

"Hebu zitazame hizo dakika mbili."

Mkono wa sekunde wa saa ile haukuruka kama wa saa alizozoea. Ulikuwa ukiteleza. Ambindwile aliufuata kwa macho ulipoondoka juu. Ulipofika nusu ya kwanza tayari alikuwa akitaka kuangalia kwingine. Mtu aliingia akauliza betri, akapewa, akatoka. Mkono ulipita juu mara ya kwanza. Nje Anyitike alimaliza kufuta tairi la mbele, akahamia la nyuma. Kona zinaweza kupigwa mbili. Mpira unaweza kutoka kwa kipa, ukaenda, ukarudi, ukaenda tena. Mtu anaweza kufunga, akavua jezi, akakimbia hadi kwa mama yake, akarudi. Mkono ulipita juu mara ya pili.

"Ni ndefu," alisema Ambindwile.

"Ni ndefu."

"Nipe hii."

"Jina lake hakuna anayelijua Tukuyu nzima, refa. Watakuuliza."

"Ile nyingine wangeutazama mkono wangu wakaridhika. Hii wataniuliza, nami itabidi nifungue mdomo." Alitoa bahasha kifuani. "Halafu inasema kosa lake yenyewe. Mimi imenishinda miaka kumi na moja."

Waliporudi, mvua iliwakuta Kiwira. Anyitike aliegesha pikipiki chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, wakasimama wamebanana ukutani, maji yakianguka mbele yao kama pazia.

"Lete tuone, basi. Umeimwagia viazi vyote." Anyitike aliinama juu ya mkono wake. "Nzuri. Kampuni gani hii?"

"Haijulikani."

"Na hii isije ikaingia maji!" Akacheka.

"Ile haikuingia maji," alisema Ambindwile.

Anyitike aliendelea kucheka kidogo, kama mtu ambaye hajafikiwa na maneno. Kisha akaacha.

"Ilikuwa nzima. Niliiona imeandika themanini na nane. Nilikuwa na baridi, nikataka kwenda nyumbani. Mpira wako sikuuona, naapa, nilikuwa naitazama saa. Lakini saa ilikuwa nzima, mwanangu. Nimeisingizia."

Anyitike alivua kofia ya sufu, akaikamua ingawa haikuwa imelowa sana, akaivaa tena. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukisukuma kokoto moja mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Mimi miaka yote nailaumu saa," alisema. "Hata wewe nilikuwa nakuonea huruma." Sauti yake haikupanda. "Iko wapi?"

"Nini?"

"Hiyo saa."

"Nyumbani. Kwenye droo."

"Nitaichukua."

Mvua ilipopungua walipanda pikipiki hadi Isongole, nyumbani kwa refa. Ambindwile aliingia ndani na viatu vyake vya matope, akampita Elina jikoni, akarudi mlangoni na saa ya zamani, ya plastiki nyeusi, imesimama siku nyingi. Anyitike aliitikisa, akaiweka sikioni.

"Ni betri tu," alisema.

"Ni betri tu."

Anyitike aliifunga mkononi mwake, juu ya sweta lililolowa, ikiwa imesimama hivyohivyo. Alipiga kiki. Ambindwile alisubiri aambiwe neno, hata tusi, na goti lilikuwa likimuuma kwa kusimama. Anyitike aliangalia barabara.

"Jumamosi nitakuja kukuchukua saa nne," alisema. "Uwe tayari." Hakusema refa, hakusema baba, hakutania. Akaondoka.

Ndani, sufuria ya viazi ilikuwa ikichemka. Elina alikausha mikono kwenye kanga, akamshika mumewe mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Si mbaya," alisema. "Ndiyo saa gani hii?"

Ambindwile aliutazama mkono wa sekunde unavyoteleza. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angeweza kulala akiwa amesimama.

"Mama Tulia," alisema, "epua viazi kwanza. Kaa hapa."